Sura ya Tisa: Tairi Jeusi Lisilonata

Gari limeshaoshwa na kukaushwa, kapeti zimerudishwa ndani, mteja ameshika funguo. Hapo ndipo kijana anayeosha huuliza swali lake la mwisho: "Bosi, matairi nayo tuyapige dawa?" Kwa kuwa bei yake ni ndogo na gari tayari linapendeza, wengi hukubali bila kuinua macho kwenye simu. Sponji inachovywa kwenye kopo, inazungushwa kwenye kila tairi ikiwa bado inachuruzika, na muda mfupi baadaye gari linatoka uani na matairi yanayong'aa kama viatu vya gwaride. Kesho yake asubuhi mwenye gari, hasa likiwa jeupe, anakuta vidoa vyeusi vimetapakaa nyuma ya magurudumu ya mbele, vikianzia chini ya mlango na kupanda hadi karibu na kitasa. Hudhani amepita kwenye lami mbichi. Kumbe ni ile dawa ya jana, imeruka kutoka kwenye tairi na kutua kwenye bodi.

Nimeipa kazi hii sura nzima kwa kuwa katika usafi wote wa gari hakuna inayoharibiwa kirahisi kuliko hii, na kwa kuwa ikifanywa kwa makini humlazimisha mtu achuchumae mbele ya tairi lake na kulitazama kwa karibu. Wenye magari wengi hawafanyi hivyo hata mara moja kwa mwezi. Ilhali gari zima, pamoja na watoto waliolala kiti cha nyuma, hushikwa barabarani na vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa lami kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima.

Tuanze na rangi yenyewe. Mpira wa asili, ule utomvu unaogemwa mitini katika mashamba kama ya Muheza, ni mweupe. Matairi ya zamani yalikuwa na rangi ya maziwa au ya kijivu, na ndiyo maana yule mtu wa matangazo wa Michelin aliyebuniwa mwaka 1898, mwili wake ukiwa ni matairi yaliyopangwa moja juu ya jingine, amebaki mweupe hadi leo. Weusi ulikuja mwanzoni mwa karne ya 20, pale watengenezaji walipogundua kwamba wakichanganya mpira na kaboni nyeusi, yaani masizi laini sana yanayopatikana kwa kuunguza mafuta kwenye hewa haba, tairi linakuwa gumu kulika na linadumu mara nyingi zaidi. Kaboni hiyo pia hunyonya miale ya jua ambayo ingeukausha mpira. Kwa hiyo weusi wa tairi umo ndani ya mpira wote, kutoka juu hadi kwenye nyuzi. Hakuna dawa ya kupaka inayouongeza. Dawa nzuri huurudishia tu mng'ao uliofunikwa na uchafu.

Sasa, mbona tairi hubadilika kuwa la hudhurungi? Vumbi lina sehemu yake, hasa kwa mtu wa Dodoma au Singida. Lakini hata tairi la gari linalokaa kwenye lami tupu litapata rangi hiyo, na sababu yake inafaa kujulikana. Hewani kuna gesi ya ozoni, kidogo tu, lakini hicho kidogo kinatosha kuukata mpira na kuuachia nyufa. Ili kuuzuia, viwanda huweka ndani ya mpira kemikali iitwayo 6PPD pamoja na aina fulani za nta. Hivi hujipenyeza polepole kutoka ndani kuja juu ya tairi, vikakutana na ozoni kabla ozoni haijaufikia mpira. Kemikali hiyo ikishafanya kazi yake huacha utando wa hudhurungi. Nta hutoka vizuri zaidi tairi linapozunguka na kujikunja, na ndiyo maana gari lililoegeshwa miezi mingi bila kutembea hupasuka mbavu za matairi mapema kuliko teksi ya mjini.

Ukilijua hilo utaona kosa kubwa la kazi hii liko wapi. Wengi hupaka dawa juu ya ule utando. Dawa hushikana nao pamoja na vumbi na mabaki ya dawa ya mwezi uliopita, na siku ya pili tairi lina mabaka: hapa jeusi, pale hudhurungi, kwenye herufi kijivu. Anayeona hivyo huilaumu dawa, akanunua ya bei kubwa zaidi, na matokeo yakawa yale yale.

Tairi lioshwe kwanza, na lioshwe peke yake. Usitumie sponji ya bodi wala ndoo ya bodi, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma ambazo zikipanda kwenye sponji zitachora rangi ya gari lote. Tafuta brashi ngumu ya plastiki, ile ya kusugulia sakafu inafaa, na sabuni ya maji. Anza na matairi kabla hujagusa bodi, ili uchafu unaoruka uangukie gari ambalo bado ni chafu. Piga maji ndani ya madigadi pia. Hapo juu tope hukaa, na usipoliondoa litadondoka kwenye tairi ulilomaliza kulisafisha, au maji machafu yatatiririka taratibu wakati wewe unapaka dawa chini.

Kisha sugua. Povu la kwanza hutoka la hudhurungi, wakati mwingine jeusi kabisa kama tairi limewahi kupakwa oili. Suuza, weka sabuni tena, sugua. Tairi lililopuuzwa kwa mwaka linaweza kudai raundi tatu au nne. Kipimo ni povu lenyewe: likitoka jeupe na kubaki jeupe, tairi limetakata. Mkono nao hukupa habari, maana brashi inayoteleza kwenye ubavu inakwambia bado kuna mafuta ya zamani, na ikianza kukwama na kutoa sauti ya kukwaruza, umefika kwenye mpira wenyewe. Usikimbilie petroli wala thina ili kuharakisha. Vitu hivyo vinaung'oa utando kweli, lakini vinang'oa na kinga iliyo chini yake.

Baada ya hapo likauke. Nalisisitiza hili kuliko jambo lolote katika sura hii, kwa sababu ndilo linalorukwa kila mahali nilikopita. Maji yaliyojificha kwenye herufi, na kwenye ule mkato mwembamba ambapo tairi linakutana na rimu, huizuia dawa kushika. Futa kwa kitambaa kikavu, halafu liache gari kivulini huku ukisafisha ndani. Kivuli ni muhimu kwa namna nyingine pia. Tairi lililotoka safari ya mchana au kuegeshwa juani Januari ya Dar es Salaam huwa la moto kiasi cha kuikausha dawa kabla hujaisambaza, na hapo ndipo michirizi huzaliwa. Weka mgongo wa mkono ubavuni. Kama huwezi kuuacha hapo kwa raha, subiri.

Dawa zenyewe, kwa mnunuzi wa kawaida, ni za namna mbili. Kuna nyeupe kama maziwa, ambayo msingi wake ni maji, na kuna ile angavu yenye utelezi na harufu kali, ambayo msingi wake ni viyeyusho vya petroli. Zote kwa kawaida hutegemea mafuta ya silikoni kwa mng'ao wake, na baadhi ya zile za maji huongezwa gliserini. Ile nyeupe huacha weusi uliotulia, hutoka mapema mvua zikianza, na haidhuru mpira. Ile angavu hung'aa sana na hudumu, lakini ndiyo inayoruka zaidi, ndiyo inayovuta vumbi zaidi, na viyeyusho vyake vikirudiwa kila wiki kwa miaka havina urafiki na tairi. Mimi huchagua nyeupe bila kusita, na ningemshauri yeyote anayeishi kwenye barabara ya vumbi afanye hivyo. Tairi lenye utelezi likitoka kwenye uwanja wa kuoshea na kupita mita mia mbili za barabara ya udongo, linafika kwenye lami likiwa limevaa vumbi lote la mtaa, na vumbi hilo haliondoki kwa kitambaa.

Kuna chupa zisizo na jina, mara nyingi chupa za maji ya kunywa zilizotumika, zenye dawa iliyochanganywa nyumbani. Nyingine ni nzuri tu, ni gliserini na maji. Lakini hujui kilichomo, na chupa ya maji yenye kitu cheupe kinachofanana na mtindi ikiachwa karibu na watoto ni hatari. Ukinunua, iandike kwa kalamu nzito na uifungie kabatini.

Na kuna oili chafu na dizeli. Madereva wa malori na vijana wa kuosha wamezitumia miaka mingi, tangu siku za matairi ya General Tyre ya Arusha na Yana ya Nairobi, viwanda ambavyo vyote viwili vimeacha kuzalisha, cha Arusha mwaka 2009 na cha Nairobi mwaka 2016. Tairi lililopakwa dizeli huwa jeusi kweli kwa siku moja. Kinachotokea ndani hakionekani: mafuta ya petroli huingia kwenye mpira, yakaufanya uvimbe na kulainika, na yakitoka huondoka na zile kemikali za kinga tulizozizungumza. Kinachobaki ni mpira mkavu unaopasuka mapema. Bei ya tairi moja jipya inanunua dawa ya maji ya miaka kadhaa. Sijawahi kuona hesabu ambayo dizeli inashinda.

Twende kwenye mkono sasa. Usipulizie dawa moja kwa moja kwenye tairi, hata kama chupa imetengenezwa kwa kupulizia. Ukungu wake hupita kwenye matundu ya rimu na kutua kwenye diski ya breki, na breki yenye silikoni haikamati inavyopaswa. Weka dawa kwenye sponji. Kijiko kimoja cha chai kinatosha ubavu mmoja wa tairi dogo, na watu hushangaa nikiwaambia hivyo mpaka wajaribu. Sponji iwe ndogo inayoenea vidoleni, ngumu kidogo, na kama una wembe ikate upande mmoja ufuate mviringo wa tairi.

Shika kitambaa kwa mkono wa kushoto na ukizungushe kwenye kidole gumba. Kidole hicho kiweke kwenye ukingo wa rimu, kitangulie kidogo, na sponji ifuate nyuma yake kwa mkono wa kulia. Kwa namna hiyo rimu inakingwa wakati wote, na hata mkono ukiteleza dawa inaishia kwenye kitambaa. Anzia juu ambako macho yanaona vizuri, shuka upande mmoja, rudi juu, shuka upande wa pili. Bonyeza kwa wastani. Unachotafuta ni utando mwembamba uliosambaa sawasawa, bila tone linalotembea.

Kwenye herufi na namba sponji hupita juu juu na kuacha mashimo ya kijivu. Chukua brashi ya rangi, ya inchi moja, yenye nywele zilizokatwa fupi, na uchokonoe humo taratibu kwa brashi iliyolowa kidogo tu. Ni kazi ya sekunde chache kwa kila tairi, na ndiyo inayotofautisha tairi lililopakwa na fundi na lile lililopakwa na mtu mwenye haraka. Sehemu inayokalia ardhi hutaifikia. Sogeza gari mbele nusu mzunguko wa gurudumu, kisha umalizie kipande kilichokuwa chini.

Ubavu una mwisho wake. Pale unapoanza kujikunja kuelekea kwenye kashata, simama, acha nafasi ya upana wa kidole. Kashata ndizo zinazokanyaga barabara na hazipakwi kitu chochote, hata kidogo, hata kama gari linakwenda kwenye harusi. Nimeona magari ya maharusi yenye kashata zinazong'aa, na mvua ya saa tisa ikisubiri. Kanyagio na usukani hali kadhalika: kijana aliyebakiwa na dawa kwenye sponji akishawishika kuipitisha kwenye pedali ili zipendeze, mguu wa dereva unaweza kuteleza kwenye breki siku hiyo hiyo. Mkatalie.

Halafu unakaa. Dakika 10 hadi 15, bila kugusa. Dawa inaingia kwenye vitundu vidogo vya mpira, maji au viyeyusho vinaruka, na juu kinabaki kile ambacho tairi halikukihitaji. Hicho ndicho kinachoruka kwenye milango. Chukua kitambaa safi kikavu, bonyeza, na uzunguke ubavu wote kama unayeiondoa dawa yote. Watu huogopa hapa. Wanaona wanafuta pesa yao. Lakini kilichokwisha kuingia hakitoki kwa kitambaa, na mng'ao unaopungua ni ule wa mafuta yaliyolala juu. Pitisha kidole. Kikitoka kikavu, umemaliza. Kikitoka na utelezi, futa tena. Ukitaka mng'ao zaidi, rudia tabaka jingine jembamba baada ya kufuta, maana tabaka mbili nyembamba zilizofutwa zinapita moja nene kwa kila kipimo.

Anayedhani natia chumvi afanye hesabu hii pamoja nami. Tairi la 195/65 R15, ambalo liko kwenye magari mengi madogo ya mjini, lina mzingo wa karibu mita 2. Gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kila sekunde, kwa hiyo tairi hilo linazunguka mara 11 kwa sekunde moja. Tone la dawa lililokaa ubavuni, sentimita 25 kutoka katikati ya gurudumu, linahitaji kushikiliwa kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara 100 ili lisiondoke. Utando mwembamba ulioingia kwenye mpira hushikiliwa hivyo bila taabu. Tone lililoning'inia haliwezi. Litakimbilia nje, litaacha tairi, na upepo wa gari utalipeleka nyuma kwenye mlango. Likikaa hapo na jua likapiga, kulitoa kunahitaji shampoo na subira. Kama gari linakwenda kupigwa rangi, mambo ni mabaya zaidi, maana silikoni ni adui wa mafundi rangi. Chembe yake ndogo iliyobaki kwenye bodi huifanya rangi mpya ikimbie mahali hapo na kuacha vishimo, na fundi hulazimika kukwangua na kuanza upya.

Yote niliyoyasema ni ya magari ya magurudumu manne. Pikipiki ina sheria yake, na sheria hiyo ni fupi: usipake. Gari husimama wima kwenye kona na ubavu wa tairi hauigusi barabara. Pikipiki hulala, na ikilala inakanyaga ukingo wa tairi, mahali pale pale ambapo sponji ingepita. Silikoni chini ya bodaboda yenye abiria, kwenye kona yenye mchanga au unyevu, ni ajali inayosubiri saa yake. Kijana wa kuosha akikuuliza kama apige dawa matairi ya pikipiki yako, mwambie ayasugue kwa sabuni tu. Na wewe unayeosha, ukiletewa bodaboda na mwenyewe akakusihi, mkatalie kwa upole na umweleze kwa nini. Hiyo ni pesa ya kuikosa.

Turudi pale ulipochuchumaa. Umelitazama tairi kwa dakika kadhaa, limesafishwa, halijapakwa bado. Huu ndio wakati wa kulikagua, kwa sababu dawa ikishapita itaficha mengi. Pitisha kiganja ubavuni ukitafuta uvimbe. Shimo la barabarani linaweza kukata nyuzi za ndani bila kuacha alama nje, na hewa ikasukuma mpira utoke kama tezi. Tairi hilo halizibwi na halirekebishwi, linatolewa siku hiyo. Tafuta nyufa ndogo karibu na rimu na katikati ya herufi. Angalia kati ya kashata kama kuna msumari. Humo ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya mpira, na kashata zikilika hadi kuwa sawa navyo maana yake zimebaki milimita 1.6, ambacho ndicho kiwango cha mwisho kisheria katika nchi za Ulaya. Angalia pia kama kikofia cha pini ya upepo kipo.

Soma na umri wake. Ubavuni kuna herufi DOT zikifuatiwa na mlolongo wa herufi na namba, na mwishoni mwake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande wa ndani tu, na itakubidi uinamie chini ya gari na tochi. Michelin hushauri tairi lililotimiza miaka 5 likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 litolewe hata kama kashata zake zinaonekana nzima. Kwetu, ambako matairi ya mtumba huuzwa kwa kuangalia kashata pekee, hiyo tarakimu ina maana kuliko mng'ao wowote. Mwigizaji Paul Walker alipofariki mwaka 2013 huko California, wachunguzi walitaja mwendo kasi kuwa chanzo, wakaongeza kwamba matairi ya gari lile la Porsche yalikuwa na umri wa miaka 9 na huenda hayakushika barabara inavyotakiwa. Lilikuwa gari la thamani kubwa, lililotunzwa, lenye kilomita chache.

Kwa hiyo ukienda yadi kununua gari, usiyaamini matairi yanayong'aa. Muuzaji hafanyi kosa kuyapaka, anapamba bidhaa yake. Lakini wewe nenda na kitambaa chenye maji ya sabuni, omba ruhusa, ufute ubavu wa kila tairi mpaka uuone mpira. Anayekukatalia jambo hilo dogo amekwishakujibu swali lako.

Limebaki suala la maji na watu. Kwenye ufukwe wa Ziwa Victoria mjini Kisumu, magari yameoshwa miaka mingi yakiwa yameingizwa ziwani kabisa, na vijana wanaoosha wakiwa wamesimama majini. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa Marekani waliwafuatilia vijana hao kwa miaka mingi kuhusu kichocho: mtu anatibiwa, anarudi kazini kwenye maji yale yale, anaambukizwa tena. Kichocho huenezwa kupitia konokono wa majini, dawa ya tairi haihusiki. Lakini habari hiyo inatukumbusha kwamba gari letu likitoka linang'aa, kuna mwili wa mtu uliobeba gharama. Anayepaka dawa ya viyeyusho matairi ya magari ishirini kwa siku, mikono mitupu, anaivuta harufu hiyo na kuinyonya kwa ngozi. Glavu ni bei ya soda. Mwenye kituo cha kuoshea anunue, na mteja asione aibu kuuliza kwa nini hazipo.

Maji ya kusugulia tairi nayo yasiende mtoni. Mwaka 2020 watafiti katika jimbo la Washington, Marekani, walitangaza kwamba ile 6PPD ikishakutana na ozoni hugeuka kuwa sumu inayowaua samaki aina ya salmoni wa koho kwenye vijito vinavyopokea maji ya barabarani. Samaki wetu ni wengine, lakini povu la hudhurungi unalolisuuza limebeba kitu hicho hicho. Osha mahali penye shimo la kuchujia au mfereji wa maji taka, na kama unaosha nyumbani, osha kwenye kokoto au mchanga, mbali na kisima na mbali na bustani ya mchicha.

Kwa anayeanza, ununuzi wake uwe hivi: brashi ngumu, sponji ndogo, brashi ya rangi ya inchi moja, vitambaa viwili vya pamba na jozi ya glavu. Dawa inunuliwe mwisho, ile nyeupe, chupa ndogo. Pesa ikikatika kabla hujaifikia dawa, usihuzunike. Tairi lililosuguliwa mpaka povu likawa jeupe, likakaushwa na kukaguliwa, linatosha kwenda nalo popote.